Dawa Isipotee Njiani: Kazi ya Mfamasia kwa Mgonjwa wa Akili

Ndugu wasomaji, mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya mtu ambaye familia nyingi humjua kwa mkono tu, yaani ule mkono unaotoa vidonge kupitia dirisha dogo la chumba cha dawa. Mtu huyo ni mfamasia. Tutamtazama hasa katika kazi yake moja isiyojulikana sana, nayo ni kuwahudumia wagonjwa wa akili na wa kifafa.

Kwa nini wagonjwa hawa? Mwenye malaria humeza dawa siku 3, akapona, akasahau. Mgonjwa wa akili hukaa na dawa zake miaka mingi, na wengine maisha yao yote. Katika muda huo dawa itaongezwa na kupunguzwa, itabadilika rangi, itaisha ghalani, itakutana na dawa za magonjwa mengine, na mwishowe itamchosha yule anayeimeza. Sisi wauguzi tuliokaa wodini miaka mingi tumeona kwamba wengi wanaorudishwa kwetu wakiwa wamefungwa kamba hawarudi kwa sababu ugonjwa wao haukujulikana. Ulijulikana, na dawa waliandikiwa. Ila dawa hiyo ilipotea mahali fulani kati ya hospitali na nyumbani.

Watu wa Tabora tunajua habari za vitu kupotea njiani. Mji wetu ulikua kwa ajili ya misafara. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba vitambaa na shanga kwenda bara, na pembe za ndovu kwenda pwani. Na watu wengi walipitishwa humo wakiwa utumwani. Wazungu waliopita walikuwa na masanduku yao ya dawa. Daktari Livingstone, ambaye nyumba aliyokaa Kwihara mwaka 1872 bado hutembelewa na wageni, alikuwa amelipoteza sanduku lake miaka 5 kabla. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi walitoroka na mizigo, na sanduku la dawa likaenda nao. Alikuwa daktari, alijua kila ugonjwa uliompata na dawa yake. Lakini kujua hakukumsaidia, kwa kuwa dawa haikuwapo mkononi. Pigo hilo aliliona kuwa kama hukumu ya kifo.

Leo njia ile ina reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, na ina barabara ya lami. Wagonjwa wetu husafiri humo humo. Hospitali ya Mirembe, inayohudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, iko Dodoma, katika nchi ile ile ya Wagogo waliyoipita wasafiri wa zamani. Mgonjwa aliyeshindikana huku hupelekwa huko, mwendo wa karibu kilomita 400, na baada ya wiki kadhaa au miezi hurudi akiwa ametulia. Familia hufurahi, huchinja kuku. Kwa maoni yetu sisi wauguzi, siku hiyo ndiyo siku ya hatari kuliko zote, na tungependa kueleza sababu.

Tuchukue mfano wa kijana aliyeruhusiwa. Ana barua ya hospitali na mfuko wa dawa za mwezi mmoja. Akishuka Tabora mjini bado ana safari ya kwenda ndani, pengine Sikonge au Kaliua. Mwezi ukiisha, kaka yake anakwenda zahanati iliyo karibu. Barua ilisahauliwa kwenye mfuko wa shati, nalo shati limefuliwa. Anaulizwa, "Alikuwa akimeza dawa gani?" Anajibu, "Vidonge vyeupe vidogo." Ndugu msomaji, vidonge vyeupe vidogo ni vingi mno.

Hata jina la dawa likijulikana, kazi haijaisha. Dawa iitwayo haloperidoli hutengenezwa kwa nguvu mbalimbali. Viko vidonge vya miligramu 1.5 na viko vya miligramu 5. Aliyezoea kumeza viwili vya miligramu 1.5 alikuwa akipata miligramu 3. Akipewa vya miligramu 5 naye akaendelea kumeza viwili, sasa anapata 10, yaani zaidi ya mara 3 ya alichoandikiwa. Atakakamaa kama gogo. Kinyume chake pia hutokea. Klopromazini, ambayo wazee wengi bado huiita Lagaktili, ina vidonge vya miligramu 100 na vya 25. Aliyezoea kimoja cha 100 akimeza kimoja cha 25 amepata robo tu. Baada ya wiki chache anaanza tena kusikia sauti zisizokuwapo, na watu husema kwamba dawa za hospitali hazifai au kwamba amerogwa upya.

Hapa ndipo ilipo kazi ya mfamasia. Zamani alihesabiwa kuwa mtu wa ghala na mizani. Mwaka 1966, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, Marekani, wafamasia walipanda hadi ghorofa ya 9, kwenye wodi za upasuaji, wakaanza kufanya kazi karibu na kitanda cha mgonjwa pamoja na madaktari na wauguzi. Toka hapo desturi hiyo imeenea. Kwetu Tanzania wafamasia wa shahada wamekuwa wakifundishwa Muhimbili tangu miaka ya 1970, na siku hizi Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya, pale Bugando, Mwanza, nacho kinawafundisha. Mfamasia wa namna hii huitwa mfamasia wa kliniki. Hasubiri karatasi dirishani tu. Hupita wodini, husoma faili, huzungumza na mgonjwa na ndugu zake, kisha humwambia daktari kwamba dawa hii na ile hazipatani, au kwamba kipimo hiki kimezidi.

Kwa mgonjwa anayetoka Mirembe, kazi ya kwanza ya mfamasia huku ni kuilinganisha orodha ya Dodoma na kile kilichomo mfukoni, na kile kilichopo ghalani kwetu, na kile ambacho mgonjwa anameza kwa kweli. Msishangae vitu hivyo vinne vikitofautiana. Mara nyingi hutofautiana.

Sasa tukae kidogo juu ya jambo linalotisha familia kuliko yote. Haloperidoli na dawa za jamii yake, pamoja na sindano ya flufenazini ambayo kwa kawaida huchomwa mara moja kwa mwezi, zinaweza kukaza misuli. Katika siku za kwanza baada ya kuanza dawa au kuongezewa, hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kupinda upande mmoja, macho yakaelekea juu yasishuke, taya likakaza au ulimi ukatoka nje. Mgonjwa anaelewa kila kitu, lakini hawezi kujizuia. Wanaomtazama husema ni pepo, wengine husema ni pepopunda. Si hili wala si lile. Ni dawa, na iko dawa ya kuiondoa. Benzeksoli, au sindano ya kundi lake, hulegeza misuli hiyo, na sindano mara nyingi hufanya kazi katika dakika chache. Mgonjwa aletwe hospitali mara moja, mchana au usiku, kwa sababu koo likikaza kupumua kunakuwa shida. Familia iliyoelezwa habari hii mapema na mfamasia huja hospitali. Ile isiyoelezwa huenda kwingine, na dawa hutupwa shimoni.

Liko jingine linalofanana na hilo ila halionekani upesi. Mgonjwa hawezi kutulia mahali pamoja. Anakaa, anasimama, anatembea uani huku na huko usiku kucha, anasema miguu yake inawaka au ina wadudu. Ndugu hudhani kichaa kimerudi, wanamwongezea kidonge, naye anazidi. Mara nyingi hali hiyo imeletwa na dawa yenyewe, na kumwongezea ni kumwaga mafuta motoni. Mnapoiona, mwulizeni mfamasia au muuguzi kabla ya kuongeza chochote. Na aliyemeza dawa miaka mingi akianza kutafunatafuna midomo au kuzungusha ulimi bila kujua, jambo hilo nalo lisemwe mapema, maana likikaa muda mrefu huwa gumu kuondoka.

Kuhusu benzeksoli yenyewe tuseme neno moja. Si kila anayemeza haloperidoli anaihitaji, na wako vijana mitaani wanaoitafuta kwa ajili ya kulewa. Vidonge hivyo vikianza kupungua nyumbani kuliko hesabu, ulizeni.

Tabora ni nchi ya jua. Klopromazini huifanya ngozi ya wengine iungue kwa jua upesi, hata ngozi nyeusi, na huonekana usoni na mikononi. Mgonjwa anayelima avae kofia pana na shati la mikono mirefu. Tena dawa hizi, hasa zikichanganywa na benzeksoli, huzuia jasho, na mwili usiotoa jasho hupata moto mno. Joto la Septemba na Oktoba mnalijua wenyewe. Afanye kazi asubuhi na jioni, apumzike mchana kivulini, naye anywe maji ya kutosha.

Halafu kuna tumbaku. Mkoa wetu huilima, nayo imesomesha watoto wengi wa Urambo, Kaliua na Sikonge, basi hatutaki kuisema kwa wepesi. Lakini lazima mjue kwamba moshi wa sigara, hata ile ya kujisokotea, hulifanya ini liziunguze haraka baadhi ya dawa za akili. Klopromazini ni mojawapo, na zaidi ya hiyo ni olanzapini na klozapini. Mvutaji akilazwa kwenye wodi isiyoruhusu sigara, dawa humkaa mwilini vizuri, na kipimo chake hupangwa kwa hali hiyo. Akirudi nyumbani akaanza kuvuta tena, kipimo kile kile kinakuwa kidogo, na baada ya muda anavurugika. Aliyekuwa akivuta sana kisha akaacha ghafula hupatwa na kinyume chake, analala mchana kutwa. Basi mnapoulizwa, "Anavuta sigara?" msidhani mnahukumiwa. Mfamasia anahesabu kipimo.

Tunaulizwa pia juu ya magonjwa mengine yanayompata mtu huyu huyu. Mgonjwa wa akili naye huugua malaria, kifua kikuu na VVU. Kabamazepini, wanayopewa wengi wenye kifafa na wengine wenye hali ya kupanda na kushuka, huharakisha kuondolewa mwilini kwa dawa nyingine. Dawa mseto ya malaria hupungua nguvu, vidonge vya uzazi wa mpango hali kadhalika, na dolutegraviri ya wenye VVU hushuka kiasi kwamba kipimo chake hurekebishwa. Rifampisini ya kifua kikuu nayo huishusha haloperidoli. Isoniazidi, ya kifua kikuu pia, huweza mara chache kumvuruga mtu akili. Hakuna hata moja kati ya haya linalosema mgonjwa asitibiwe malaria au kifua kikuu. Atibiwe upesi. Linalotakiwa ni kwamba anayempa dawa mpya azione na zile za zamani. Tatizo ni kwamba dawa hizo hutolewa kwenye vyumba tofauti, siku tofauti, na watu tofauti. Mfamasia ndiye mwenye nafasi nzuri ya kuzitazama zote pamoja, naye atazitazama kama mtamletea.

Na hapo tunataja pia dawa za miti shamba. Familia nyingi hupita kwa mfumu kabla ya kuja kwetu, na wengine baada ya kutoka kwetu. Tukifoka, mtaacha kutuambia, nasi tutabaki gizani. Iko mizizi inayolevya, iko inayoharisha, na aliyeharisha siku 2 amepoteza maji na chumvi. Kwa anayemeza lithiamu hilo ni hatari kubwa, kwa sababu dawa hiyo hujilundika mwilini hadi kuwa sumu. Leteni mnachotumia, au mkitaje. Pombe ni hivyo hivyo. Gongo juu ya fenobabitoni au diazepamu huweza kumlaza mtu asiamke.

Wako wanaoacha dawa kwa sababu wameombewa wakajisikia nafuu. Tunashukuru kwa nafuu yao. Lakini nafuu ni wakati wa kuendelea na dawa, na hakuna padre wa kwetu tunayemjua anayemwambia mgonjwa atupe vidonge. Aombewe, na jioni ameze dawa yake.

Kuacha ghafula ni hatari kwa wote, ila kwa kifafa ni hatari ya siku chache tu. Mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianza kliniki ya kifafa Mahenge. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitoni, kidonge cha bei ndogo ambacho hadi leo hutumika nchini mwetu. Kidonge hicho kikimezwa kila siku huwawezesha wengi kuishi bila kuanguka. Kikikatizwa ghafula, kifafa huweza kurudi kwa kufuatana, mtu akaanguka tena kabla hajazinduka, na hiyo huua. Kwa hiyo familia ya mwenye kifafa isingojee kidonge cha mwisho. Vikibaki vya wiki moja, safari ianze.

Akina mama, neno lenu. Valproeti, inayotumika kwa kifafa na kwa hali ya kupanda na kushuka, huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa uti wa mgongo wake. Binti au mama anayeweza kupata mimba akipewa dawa hiyo aulize kama iko nyingine inayomfaa. Lakini aliyekwisha pata mimba asiitupe mwenyewe. Aje wiki hiyo hiyo.

Na kwa wale wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, amitriptilini haifanyi kazi siku ya kwanza. Kinywa kukauka na usingizi huja mara moja, nafuu huja baada ya wiki 2 hadi 4. Wengi huacha katikati, wakiwa wamekwisha pata adha na hawajapata faida. Vidonge hivi vingi kwa pamoja ni sumu kwa moyo, na anayevitumia pengine amechoka kuishi. Mfamasia mwenye busara atavitoa vichache vichache. Msilalamike kwamba mnasumbuliwa kurudi mara kwa mara. Nyumbani vifungiwe kwenye sanduku, ufunguo ashike mwingine.

Mtasema, haya yote ni mazuri, lakini zahanati yetu haina mfamasia. Ni kweli. Katika vituo vingi vya afya, vya serikali na vya misheni, anayetoa dawa ni fundi dawa sanifu, na mahali pengi ni muuguzi anayechoma sindano, anayezalisha, na kutoa dawa siku hiyo hiyo. Wafamasia wa kliniki ni wachache, nao hukaa kwenye hospitali kubwa. Hatuoni kwamba jambo hili litatengenea upesi. Lakini siku hizi zahanati inaweza kumpigia simu mfamasia wa hospitali ya wilaya au ya mkoa, pale Kitete, ikauliza kabla ya kubadilisha kidonge. Mwombeni mhudumu wenu afanye hivyo. Hataona aibu, na akiona aibu mwombeni tena.

Ghala nalo hukauka. Bohari ya Dawa ina kanda yake hapa Tabora, hata hivyo dawa za akili hukosekana mara kwa mara vijijini, mara nyingine kwa sababu kituo hakikuagiza. Na kituo huagiza kwa kuangalia waliokuja. Wagonjwa 6 wanaohesabiwa kila mwezi huagiziwa za wagonjwa 6. Wale 4 waliojificha majumbani hawamo kwenye hesabu, na siku wanapokuja vidonge haviwatoshi. Kabla ya mvua za Novemba, familia zinazohamia mashamba ya mbali ziseme mapema, ili mgonjwa apewe za miezi 2 au 3 ikiwa hali yake imetulia.

Nyumbani chagueni mtu mmoja wa kusimamia dawa, mwenye subira kuliko wote, si lazima awe mkubwa kuliko wote. Awe na daftari. Aandike jina la dawa kama lilivyo kwenye kopo, nguvu yake kwa miligramu, idadi ya vidonge asubuhi na jioni, na tarehe ya sindano ijayo. Barua ya Mirembe au ya hospitali yoyote ipigwe picha kwa simu au itolewe nakala siku ile ile ya kufika. Siku ya kliniki aje na daftari, na makopo yote yenye vidonge vilivyobaki, pamoja na dawa za presha, za VVU, za kifua kikuu na za miti shamba. Akipewa kidonge chenye rangi au ukubwa tofauti na cha zamani, asiondoke dirishani kabla ya kuuliza, "Hiki ni dawa ile ile? Ni nguvu ile ile? Ameze vingapi sasa?" Vidonge vya zamani visivyotumika tena mvirudishe kwenye chumba cha dawa, msivitupe chooni wala msimpe jirani mwenye dalili zinazofanana.